Kasha la Baba Yako Halikuniuliza Neno

Kabula, ng'wanawane, mjukuu wangu,

Umekwenda Dutwa kumuaga sengi yako Minza, na namjua binti yangu, hatakuachia urudi mpaka ule ushibe. Basi nimepata nafasi. Nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, kuku wananizunguka wakidhani nimeshika pumba, na ninaandika kwa herufi zile zile nilizopewa kwenye kisomo cha watu wazima, maana dawati la shule sijalikalia hata siku moja. Zimepinda. Wewe unazisoma. Hakuna mwingine ninayemwandikia.

Sitakuandikia habari za blanketi wala za kuchemsha maji. Unazijua, na usizozijua baridi ya Mbeya itakufundisha. Nakuandikia kwa sababu tangu siku ile ya Bariadi husemi nami. Unaniamkia, ndiyo. "Mwangaluka, Bibi." Unanipelekea maji bafuni. Unaniuliza kama nimekula. Lakini mtu anaweza kuamkiwa kila asubuhi na bado asisemeshwe, na mimi naijua tofauti. Kesho unapanda basi kwenda chuo. Kasha la kompyuta ya marehemu baba yako umelisukuma chini ya kitanda changu, na jana nilipokuuliza kama utalibeba ulinijibu, "La nini, Bibi? Si tupu?" Ukatoka nje, ukaenda kukata kuni ambazo hakuna aliyekutuma.

Nataka uondoke ukijua kilichokuwamo. Miaka yote hii umeamini kwamba baba yako alikuachia maneno mle ndani. Anayejua kwa hakika amebaki mmoja tu, ni mimi, na hali yangu unaiona.

Tuanzie kasha lilikotokea. Zamani pamba yetu ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake. Ukipenda usipende, unapeleka kwa chama na unangoja. Kisha likaja hili soko huria, na Dutwa ikajaa mizani. Kila mnunuzi na mwavuli wake, kila mmoja anaita. Mwanangu Masanja, baba yako, alipata ukarani kwa wanunuzi fulani ambao jina lao limeshakufa, tuliache lilale. Msimu mmoja wakaondoka kama walivyokuja. Badala ya mshahara wakamwachia kompyuta. Akaja nayo nyumbani juu ya mkokoteni wa ng'ombe, ameifunga kwenye magunia ya pamba kama mgonjwa.

Nikamwambia, "Masanja, wenzako wanaleta mabati. Wewe umeleta kabati la chuma lisiloingia hata shati."

"Mayu," akasema, "linaingia vitu. Subiri."

Akapanga chumba pale Bariadi, jirani na fundi redio. Akawa anawachapia watu barua, kadi za harusi, matangazo ya misiba. Ndani ya mashine akaweka kitu alichokiita Linaksi, cha kuiendesha, kilichotoka kwa rafiki yake wa Mwanza kwenye sahani inayong'aa. Alinishangaza aliposema hakinunuliwi. Watu wanapeana tu, kama tunavyopeana mbegu za maboga. Nikakipenda kwa hilo, ingawa nilikuwa sikioni.

Kisha akaigawa ile diski vyumba viwili. Patisheni, ndivyo alivyosema, nami nikadhani ni ugonjwa. Chumba cha mbele kilikuwa cha wageni, humo zilikaa barua za wateja. Chumba cha ndani akakifunga. Alinieleza kwamba hakufunga kwa komeo. Vitu vyenyewe vinasagwa, vinakuwa unga, na asiyekuwa na neno la siri akivunja mlango atakuta unga tu. Mwenye neno akiliandika, unga unarudi kuwa vitu.

"Unaficha nini?" nikamuuliza. "Mke wa pili?"

Alicheka mpaka fundi redio akachungulia. Akasema, "Mayu, kwetu hakuna mlango unaofungwa. Watu wanaingia mpaka chunguni. Nataka chumba kimoja tu duniani ambacho nikiweka kitu kinakaa nilivyokiweka."

Na ni kweli. Wewe mwenyewe ulikuwa unaingia chunguni.

Ndipo akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Kufuli hilo lilikuwa na matundu nane ya ufunguo, kila tundu na neno lake, na neno lolote kati ya hayo linatosha kufungua. Tundu la kwanza lilikuwa lake. La pili alitaka liwe langu. "Likinipotea la kwangu, nitakuja kwako."

"Kwangu mimi? Mimi niliyejifunza kuandika nikiwa nimeshaota mvi?"

"Kwako wewe. Wewe husahau, na husemi."

Akanikalisha kwenye kiti chake. Akageuka, akautazama ukuta ili asione. Nikaandika neno langu kwa kidole kimoja, herufi moja, naitafuta nyingine. Nilikawia mno. Akaniuliza kutoka kule ukutani, "Mayu, unaandika neno au Agano Jipya?" Mashine ikataka niandike tena mara ya pili, nikaandika. "Usimwambie mtu," akasema. "Hata mimi usiniambie." Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile, Kabula, na mahari yangu ililipwa vizuri.

Sasa nivumilie nikupeleke nyuma zaidi, maana bila hapa hutanielewa.

Babu yako alipofariki, zizini walibaki ng'ombe wachache wa kutia aibu. Wengine alikuwa amewaweka kwa watu, kubilisa, kama wazee wote walivyofanya. Unampa mwenzako ng'ombe akufugie mbali na kwako. Yeye anakunywa maziwa, ndama ni wako, na ugonjwa ukiingia zizini kwako hukauki kabisa. Babu yako hakuandika kitu, hakujua kuandika. Alinitajia tu, tukila, tukipalilia, yupi yuko kwa nani. Basi nikaenda Zagayu, mjane, kwa mtu ambaye sikuwahi kumwona uso. Nikataja rangi ya ng'ombe. Nikataja sikio lililochanwa. Nikataja njaa iliyokuwapo alipoletwa. Yule mzee akanitazama, akainuka bila kuuliza swali, akamtoa ng'ombe na uzao wake wote. Akasema, "Nilikuwa nakusubiri, mayu. Umechelewa."

Nililia njia nzima, nimeshika fimbo, ng'ombe wako mbele. Baba yako na Minza walikua kwa maziwa ya ng'ombe wale. Nikajifunza siku ile kwamba mali si lazima ikae kwako. Shika neno lake tu. Neno likiwa kichwani mwako, mali iko salama hata ikiwa kwa mtu usiyemjua. Somo hilo lilinilisha miaka, na sitalitukana hata leo. Lakini ndilo lililotuua.

Homa ya baba yako sitaisimulia. Ulikuwepo, ulishika beseni.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa kugawa vitu vyake, ili marehemu asiachwe ananing'inia na mizigo. Mkubwa wa kikao alikuwa baba yako mkubwa Ngusa wa Migato. Pembeni yake baba yako mdogo Shija. Mashati yakagawanywa, jembe la kukokota, redio. Wakafika kwenye kompyuta, wakakwama.

"Hii inagawanywaje?" Shija akauliza.

"Kama ng'ombe," Ngusa akasema. "Kila mtu kwa haki yake. Mkubwa anachukua kidari."

"Kidari chake kiko wapi?"

"Si hicho kioo?"

Watu wakacheka, msibani. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike. Kioo kikaenda Migato na Ngusa. Kasha, walisema ndio utumbo na maini, likawa la Shija. Kibodi ukapewa wewe, kwa kuwa ina herufi na wewe ulikuwa ndio umeingia kidato cha kwanza. Kikabaki kile kipanya na uzi wake. Ngusa akakiinua, akakitazama. "Na mayu apewe mkia." Nikapewa mkia. Uko ukutani mpaka leo, kwenye msumari wa rozari.

Wewe ulinivuta kitenge. "Bibi, waambie wasiitenganishe." Nikakwambia, "Nyamaza, wakubwa wanaongea."

Hapo ndipo umenishikilia, na una haki. Lakini nataka ujue kilichokuwa moyoni mwangu wakati ule, kwa sababu wewe unadhani niliogopa wanaume au sikujali. Sikuogopa. Nilikuwa na uhakika! Nilikuwa nimetulia kama mtu aliyeshiba. Nilijiambia, kidari kiko Migato, utumbo uko kwa Shija, kibodi iko kitandani kwa mtoto, mkia ninao. Vyote vimewekwa kwa watu. Siku Kabula akikua tutazunguka, nitataja neno langu, tutavirudisha nyumbani vyote na uzao wake. Nilikuona unalia, nikasema kimoyomoyo, lia mama, bibi yako anajua anachofanya.

Ng'ombe ukimweka kwa mtu, anazaa. Kasha ukiliweka kwa mtu, analifuta. Nani angeniambia? Aliyejua alikuwa kaburini.

Shija hakuiba, usimchukie. Alilibadilisha kasha na baiskeli kwa mwenye banda la video pale Dutwa, na mwenye banda akaita fundi, na fundi akafanya kazi yake. Akafuta, akaweka Windozi, ili watu wapate picha zao za mateke. Hakuna mwovu katika habari hii. Nimemtafuta sana, Kabula. Ningempata ningelala vizuri zaidi.

Na wewe miaka yote ukalala na ile kibodi. Nilikuwa nakusikia unabonyeza ndani ya shuka, tak tak, kama panya anayetafuna mtama. Sikukukataza. Nilijua unamwandikia nani.

Baba yako alikuwa amekwambia, "Mle ndani kuna sauti yangu na yako. Ukikua nitakufungulia." Ukayashika maneno hayo. Alipokufa ukayashika zaidi, yakakua yenyewe. Ikawa kwamba amekuachia wosia. Ikawa kwamba amekwambia usomee nini, uolewe na nani, kwa nini mama yako alikwenda kuolewa Maswa asikuchukue. Mimi niliona yanakua, nikayaacha, nikijua siku ikifika nitafungua, utasikia mwenyewe, na tutacheka.

Basi ukamaliza kidato cha sita, ukaanza kukusanya. Ulikwenda Migato kwa baiskeli ya kuazima. Ulinisimulia uliporudi, wakati ule bado unanisimulia. Baba yako mkubwa Ngusa alikuwa amekiweka kioo mezani, amekifunika kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki. "Miaka yote nimekaa nacho," akakwambia, "hakijanionyesha hata taarifa ya habari. Chukua. Ila kitambaa ni cha mama yako mkubwa." Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Dutwa ilikuwa ngumu. Mwenye banda alitaka kitu mkononi. Shija akashuka kwenye baiskeli yake, siyo ile, nyingine, mpya, akaiegemeza kwenye ukuta wa banda, akachukua kasha akalibeba kichwani mpaka hapa kwa miguu. Usimsahau Shija kwa hilo.

Na siku ya Bariadi. Nilivaa kitenge cha kanisani. Kipanya nilikitia kifuani, ndani ya sidiria, uliniona, ukasema, "Bibi jamani." Njia nzima nilikuwa natamka neno langu kwa moyo, herufi moja moja, kama mtu anayehesabu vifaranga. Halikuwa limepungua hata herufi. Miaka yote ile nilikuwa nalitamka kila Jumapili baada ya sala, kulilisha, lisije likafa.

Fundi redio akatupisha mezani. Ukaunganisha kidari na utumbo, ukaunganisha kibodi yako, nikatoa mkia kifuani, ukauchomeka. Kasha likanguruma. Ule mngurumo niliujua, ni ule ule. Ukatia ile sahani ya Linaksi ya baba yako. Maandishi yakapita. Mimi nikanyoosha kidole, nimekitayarisha.

"Niambie niandike wapi," nikasema.

Ukaandika wewe, ukasoma, ukaandika tena. Uso wako ulikuwa unabadilika, na mimi bado nimenyoosha kidole kama mjinga.

"Kabula, niandike wapi?"

"Bibi," ukasema, "haiulizi."

Haikuniuliza. Ingeniuliza ikanikataa, ningejua mlango upo, ningegonga mpaka nife. Ingesema neno lako siyo, ningejilaumu kichwa changu, ningesema uzee. Lakini haikuuliza kitu. Nilikaa mbele yake na neno langu zima, nimelilea miaka, na hapakuwa na mtu wa kumpa.

Ukatoka nje. Mlangoni ukageuka, ukasema, "Ungesema neno moja tu ile siku ya matanga, Bibi. Moja."

Ndiyo.

Tukiwa njiani nilikulazimisha unieleze, ukanieleza kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofeli. Ulisema neno langu halikuwa ufunguo wa chumba chenyewe. Mwanzoni kabisa mwa kile chumba kulikuwa na kijisanduku, na ndani ya kijisanduku ndimo ulimokaa ufunguo wa kweli. Neno langu lilifungua kijisanduku tu, na neno la baba yako hivyo hivyo. Fundi wa Dutwa alipofuta, kijisanduku ndicho kilichokwenda kwanza, kwa kuwa kilikuwa mbele. Nikakuuliza, na vile vitu vya ndani? Ukasema, "Vingine bado vipo, Bibi. Kama unga uliomwagika. Hakuna wa kuurudisha."

Sasa najua kwa nini unasema kasha ni tupu na bado huligusi. Ungekuwa unaamini ni tupu ungelifuta, ungeweka vitu vyako, ukaenda nalo chuoni, maana unalihitaji, na pesa za kupata jingine hatuna. Umelisukuma chini ya kitanda changu kwa sababu unga bado umo. Unaogopa kuukanyaga.

Ukanyage, ng'wanawane.

Unajua mahame ya babu yako, pale lilipokuwa zizi la zamani kabla hatujahamia huku. Mara ya kwanza nilipopanda mahindi pale mkono ulikataa. Niliona kama nachimba watu. Babu yako alikuwa hai bado, akaniambia, "Ardhi gani nyingine utakayopata iliyokwisha kutiwa mbolea na ng'ombe wako mwenyewe?" Nikapanda. Hakuna mahindi tuliyowahi kuvuna kama yale. Igawe upya ile diski. Weka Linaksi yako, weka chumba cha wageni, weka cha ndani, ukifunge kama baba yako alivyofunga. Msichana anayekwenda kulala bweni na watu wasiomjua anahitaji chumba kimoja ambacho hakiguswi. Baba yako hakukosea kufunga. Wala hakukosea kunipa neno. Kasoro ni kwamba alinipa neno akasahau kuniambia kuhusu kijisanduku, na mimi sikujua kwamba kuna la kuuliza.

Kwa hiyo wewe, ukishafunga, kile kijisanduku kitolee nakala. Ulisema inawezekana, nilikusikia ingawa ulikuwa unaongea na barabara. Nakala iweke mbali na kasha, kwa mtu mwingine, kama ng'ombe. Na tundu la pili la ufunguo mpe mtu, na huyo mtu umwambie wazi, neno bila kasha ni bure, mtu asikuletee habari za kugawana vidari. Mpe Minza. Minza ana kelele, lakini kitu cha mtu hakitoki mdomoni mwake.

Usinipe mimi. Mimi nimeshapewa langu.

Na lile neno sitalitaja hapa. Najua utataka kujua. Halifungui kitu tena, nalijua hilo, unadhani nimezeeka kiasi gani? Lakini mwanangu aligeuka akatazama ukuta, akaniambia nisimwambie mtu, na mimi sijamwambia mtu. Nitakwenda nalo. Tukikutana nitampa, anieleze kama nilichapa sawasawa.

Sasa nikupe kilichokuwamo. Keti kwanza kama umesimama.

Hakuna wosia, Kabula. Hakukwambia usome nini, wala uolewe na nani. Habari ya mama yako hakuitaja. Asingeweza kukuachia wosia, hakujua kwamba atakufa. Alikuwa mzima, ana njaa, anasubiri mahindi ya kuchoma niliyompelekea.

Ilikuwa mchana, shule zimefungwa, nimekuja nawe Bariadi. Baba yako alikuwa ametoa kidude cha kunasia sauti kwenye redio kaseti mbovu ya fundi, akakichomeka kwenye kasha. Akaniambia, "Mayu, sema kitu."

"Mimi siongei na bati."

"Sema chochote."

Nikasema basi kuhusu yule mbuzi wa mama muuza maandazi, aliyeingia mlangoni akala kadi za harusi za mteja, nusu kifurushi. Nikasema huyo mbuzi ndiye mgeni rasmi. Baba yako akacheka. Unakumbuka alivyocheka? Anavuta pumzi kwanza, kama mtu anayetaka kupiga mbizi, halafu ndipo sauti inatoka. Hiyo ilinaswa. Niliisikia aliporudisha.

Wewe ulikuwa nje barazani, unacheza rede na watoto wa fundi. Baba yako akaita, "Kabula! Njoo uongee!"

Ukaitika, "Abee, baba! Nakuja!"

Hukuja. Tukasikia mpira unapiga ukuta. Akaita tena, "Kabula!"

"Abee! Nakuja!"

Hukuja. Mvua ikaanza kupiga bati, ikawa husikii kitu zaidi ya bati. Baba yako akanitazama, akatabasamu, akasema, "Haya, ataongea siku nyingine." Akazima. Akaweka sauti ile kwenye chumba cha ndani, akakifunga, ndipo akaniambia kwamba ukikua atakufungulia usikie ulivyokuwa mwongo.

Ndiyo hiyo sauti yake na yako. Imekwisha hapo. Kama nilisema jambo jingine nimelisahau, na sitakutungia. Ningeweza kukutungia, ungeniamini, ungeondoka kesho umejaa maneno mazuri ya baba yako ambayo hakuyasema. Lakini nimeshakupotezea kitu kimoja kwa kunyamaza, siwezi kukupotezea cha pili kwa kusema.

Wala usianze kujilaumu kwamba hukuingia. Nakujua. Mtoto anayecheza rede haji akiitwa, ndiyo kazi yake. Yeye hakukasirika. Nilimwona uso. Alifurahi vile vile kwa kule kuitika. Nimekaa na jambo hili miaka yote, nikadhani ni dogo mno kulinganisha na ulichokuwa unangojea, ndiyo maana nilitaka mashine ikwambie yenyewe, nisiwe mimi. Sasa nikilitazama silioni dogo. Alikuita mara mbili na mara mbili ulimwitika. Kuna watu wanazikwa hawajapata hata hivyo.

Kuku wameondoka, wamegundua sina pumba. Nasikia baiskeli barabarani, huenda ni wewe.

Kipanya nimekitia kwenye mfuko wako, kati ya sketi mbili, nimekifunga leso. Kirudishe kwenye kasha lake. Msumari utabaki na rozari, inautosha. Kasha Shija atakuja kulibeba mpaka stendi, nimeshamtumia neno, hataki ushukuru.

Kesho nitakuja stendi. Sitalia mbele ya kondakta. Basi likishaanza kutembea nitakuita kwa sauti, kama anavyoitwa mtoto aliye barazani, na watu watageuka, wageuke. Usishuke. Usirudi. Nenda kacheze mchezo wako. Ila nikikuita, Kabula, itika.

Bibi yako,
niliyerithi mkia.